Kabla Hujanunua Kamba za Mwani, Itazame Caluya

Kila mwaka kaskazi ikianza kutulia, meseji zinaongezeka. Kijana ana milioni moja na nusu mkononi, kaona video ya mwani, anaomba "mchanganuo". Anataka idadi ya kamba, kilo za mbegu, bei ya kilo na faida, basi. Na karibu kila mmoja anamalizia na sentensi ileile: Ufilipino wanatoboa kwa mwani, sisi tunashindwa nini?

Swali ni zuri ila lina kasoro. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba. Ukisema "Ufilipino wanatoboa" ni sawa na mtu wa Manila kusema "Afrika wanalima kahawa". Wapi? Nani? Kwa bei ipi? Kwa hiyo leo sileti mchanganuo. Naleta halmashauri moja tu ya kule, inaitwa Caluya, halafu wewe mwenye hela yako uamue. Nimeichagua kwa sababu imefanyiwa utafiti wa mwani, na kwa sababu inalima mmea uleule tunaoulima sisi. Nikisema uleule namaanisha uleule kabisa, nitalieleza hilo mbele.

Caluya ni halmashauri ya visiwa vitupu. Haina hata kipande kimoja kilichoungana na bara. Kuna kisiwa chenyewe cha Caluya yalipo makao makuu, kuna Semirara ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, halafu Sibay, Sibolon, Sibato, Liwagao, na vile vijisiwa vya mchanga na matumbawe vya Panagatan. Vyote vimegawanywa katika barangay 18. Barangay ni kama kijiji au mtaa wetu, na kiongozi wake wa kuchaguliwa wanamwita kapteni.

Kiutawala Caluya ipo mkoa wa Antique, na Antique yenyewe ni ukanda wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Panay. Sasa chukua ramani. Utakuta visiwa hivi viko karibu zaidi na Mindoro, kisiwa cha mkoa mwingine, kuliko na San Jose de Buenavista, makao makuu ya mkoa wao. Anayefuata karatasi mkoani anavuka bahari kwanza mpaka kaskazini ya Antique, kisha anashuka kwa gari kuelekea kusini. Ndiyo maana watu wa pale wana lugha yao, Kicaluyanon, na biashara yao inaangalia pande mbili, Panay na Mindoro. Kisiwa cha Liwagao kimekuwa na mvutano wa muda mrefu: Caluya inasema ni chetu, Bulalacao ya Mindoro inasema ni chetu. Kwa mtu wa pwani hakuna jipya hapo. Mipaka ya baharini inachorwa na watu wasiopiga kasia.

Pepo zao ni mbili, kama zetu. Amihan inavuma kutoka kaskazini mashariki, habagat inatoka kusini magharibi na inakuja na mvua na mawimbi. Mkulima wa mwani wa Caluya anapanga mwaka wake kwa amihan na habagat kama sisi tunavyopanga kwa kaskazi na kusi. Hata chombo chake utakitambua. Wanakiita bangka, kina matengo pande zote mbili kama ngalawa, ila siku hizi kinasukumwa na injini. Wanahistoria wengi wanasema ngalawa yetu ina asili ya mabaharia wa upande ule wa Asia, kwa hiyo mwani si kitu cha kwanza kuvuka bahari hii kuja kwetu.

Jambo moja la sheria yao nalipenda, nalitaja haraka. Kule maji ya bahari mpaka kilomita 15 kutoka ufukweni yako chini ya manispaa yenyewe. Halmashauri ya visiwa kama Caluya ina bahari kubwa kuliko ardhi, na baraza lake ndilo linalopanga nani avue wapi na nani alime wapi. Huku kwetu tuna BMU, lakini vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za mwani hawajawahi hata kukaa kwenye kikao kimoja cha BMU ya kijiji wanachotaka kulima. Halafu wanashangaa kamba zikikatwa usiku na wenye nyavu.

Tuje shambani. Kwenye kijisiwa cha mchanga mtupu kama Panagatan huwezi kulima mahindi. Hakuna mto, udongo wenyewe ni matumbawe yaliyosagika. Kilichopo ni maji safi ya bahari yanayotembea, jua, na nafasi. Hapo ndipo kotonii ilipokubali. Watafiti, akiwemo Anicia Hurtado ambaye jina lake linajulikana sana kwenye mwani wa Ufilipino, walichapisha mwaka 2001 utafiti wa palepale Panagatan. Walilinganisha njia ya vigingi chini na njia za kamba zinazoelea, na wakaangalia mwezi kwa mwezi. Somo lake kubwa kwangu ni kwamba miezi ilileta tofauti kubwa mno. Shamba lilelile, mbegu ileile, mkulima yuleyule, ila miezi fulani mmea unakimbia na miezi fulani unatambaa. Sasa wewe unayeniandikia "kamba 100 zinatoa kilo ngapi kwa mwaka" huwezi kuzidisha mavuno ya mwezi mzuri mara nane ukaita bajeti. Mchanganuo mwingi unaozunguka WhatsApp umetengenezwa hivyohivyo.

Mwani ukivunwa unaanikwa, unafungwa, unasubiri mnunuzi. Na hapa jiografia ndiyo inaanza kula hela. Kisiwani hakuna lori la kupita. Kuna mfanyabiashara mwenye chombo. Kwenye visiwa vingi vya Ufilipino huyu ndiye anayeleta mchele, mafuta ya injini na kamba kwa mkopo, na ndiye anayeondoka na mwani. Wana neno lao la uhusiano huu wa mteja na mfanyabiashara wake wa kudumu, suki. Una faida zake, nisikudanganye. Mtoto akiugua usiku suki ndiye anayekopesha, benki haipo. Lakini siku ya mizani huna sauti. Bei anaitaja yeye, unyevu anaukadiria yeye kwa kufinya mwani mkononi, deni analikata yeye. Mwani wake unapanda mpaka kwa wasafirishaji na viwanda vikubwa, vingi vikiwa Cebu, na bei ya Cebu nayo inasikiliza wanunuzi wa China, Ulaya na Marekani. Mkulima wa Panagatan yupo mwisho kabisa wa mnyororo huo.

Mwaka 2008 bei ya kotonii ilipanda ghafla kule. Watu waliupa mwani kila kitu. Ulivunwa mchanga, ukauzwa haujakauka, maana kila aliyekuja alikuwa ananunua. Muda mfupi baadaye bei ikaporomoka. Walioumia sana ni walioingia katikati ya homa, waliokopa kamba kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini. Hivi sasa Indonesia ndiyo inaongoza kwa wingi wa mwani wa aina hii, iliipita Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo hata hao "waliotoboa" wamepitwa kwenye soko walilolianzisha wenyewe.

Sasa kuna kitu kuhusu Caluya ambacho hakimo kwenye video za mwani. Caluya ni halmashauri tajiri. Kisiwa cha Semirara kina mgodi wa wazi wa makaa ya mawe, na karibu makaa yote yanayochimbwa Ufilipino yanatoka hapo. Kwa sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1991, serikali kuu inazirudishia serikali za mitaa asilimia 40 ya inachokusanya kwenye rasilimali kama hizo. Fungu hilo linagawanywa: mkoa asilimia 20, manispaa asilimia 45, barangay asilimia 35. Manispaa zao zinapangwa kwa madaraja ya mapato na Caluya, visiwa vya wavuvi na wakulima wa mwani, ipo daraja la kwanza.

Ungedhani mkulima wa mwani wa halmashauri hiyo ana ghala, ana kaushio la kisasa na ana mizani yake. Lakini fedha za mgodi na maisha ya shamba la mwani ni vitu viwili vinavyopita njia tofauti. Fedha ya mgodi inaingia kwenye bajeti, inaajiri, inajenga barabara na majengo. Haimkaushii mtu mwani. Na mgodi una gharama yake kwa watu na kwa bahari. Julai 2015 ukuta wa shimo la Panian uliporomoka ukaua wafanyakazi 9, na kabla ya hapo Februari 2013 ulikuwa umeporomoka ukaua wengine. Mkataba wa uchimbaji nao una mwisho wake, umeandikwa hadi 2027. Shimo la makaa haliotoi tena.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wengi wanajenga mpango mzima wa shamba juu ya ile asilimia 10 ya halmashauri, kwamba "nikipata ile nne ya vijana ndio naanza". Ombeni, ni haki yenu, na mimi fomu nawasaidia kujaza. Lakini shamba ambalo haliwezi kusimama bila mkopo wa halmashauri halitasimama na mkopo huo pia. Caluya ina halmashauri yenye mapato ambayo wengi wetu hapa hatuwezi kuyaota, na bado mkulima anauza kwa bei anayotajiwa.

Halafu kuna bahari yenyewe. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, wao wanakiita Yolanda, kilipita katikati ya Ufilipino kutoka mashariki kwenda magharibi na Caluya ilikuwemo kwenye njia. Nyumba zilikwenda, mashamba ya mwani yalikwenda. Mahindi yakiharibika una debe la mbegu juu ya dari au unakwenda dukani. Mwani hauna punje. Mbegu ya mwani ni mwani wenyewe ulio hai, unakata kipande unafunga kwenye kamba. Shamba likisombwa, mbegu imesombwa pia, na mwenzako wa kisiwa cha jirani uliyetegemea akugawie naye kasombwa siku ileile.

Dhoruba si peke yake. Desemba 2005 jahazi la kuzalisha umeme lilikwama Semirara likamwaga mafuta, mikoko ikalowa. Tarehe 28 Februari 2023 meli ya mafuta Princess Empress ilizama Mindoro ikiwa na lita 800,000 za mafuta mazito, na siku chache baadaye mafuta yalishafika Caluya, Liwagao na Semirara zikiwemo. Hebu fikiria, meli imezama mkoa mwingine, wewe hata jina lake hujawahi kulisikia, na asubuhi unaamka shamba lako linanuka dizeli. Hakuna dawa ya kupiga. Kwetu Hidaya ilipotua Mafia Mei 2024 wengi waliiona kama ajali ya mara moja. Wao wanapata vimbunga takriban 20 kwa mwaka kwenye eneo lao la uangalizi, si vyote vinatua, lakini wamezoea kupanga wakijua vinakuja.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema, kwamba mmea ni uleule. Katikati ya miaka ya 1960 Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii alianza kushirikiana na Wafilipino kutafuta namna ya kulima mwani ambao mpaka wakati huo ulikuwa unaokotwa porini na kuanza kuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilimo kikashika kule kusini kabisa, visiwa vya Sulu. Jina la kitaalamu la kotonii ni Kappaphycus alvarezii, na hiyo "alvarezii" inamkumbuka Vicente Alvarez, Mfilipino aliyekuwemo kwenye kazi ile. Aina waliyoichagua, tambalang, ikakatwa, ikafungwa, ikakatwa tena. Huku kwetu Profesa Keto Mshigeni, aliyesomea Hawaii hukohuko, alikuwa ameshaanza utafiti wa mwani wa pwani ya Tanzania miaka ya 1970. Mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zikaanza kulimwa kibiashara Unguja, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, na kutoka hapo zikaenea hadi bara.

Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kotonii inayolimwa karibu dunia nzima ni ya ukoo mmoja mwembamba sana uliotoka Ufilipino. Si mtoto na mjukuu. Ni mmea mmoja uliokatwakatwa kwa zaidi ya miaka 50. Ugonjwa unaoupiga kule unaupiga huku. Ule weupe unaoanza kwenye tawi, linalegea, linakatika, Wafilipino wenyewe ndio walioupa jina la ais-ais kwa sababu linafanana na barafu, na uliripotiwa kule tangu miaka ya 1970. Mmea unapozidiwa na joto, maji ya mvua au maji yaliyosimama, bakteria wanapata mlango. Zanzibar imeuona vizuri ugonjwa huu. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno kwa kotonii, na wakulima wengi, ambao wengi ni wanawake, wamebaki na spinosamu inayovumilia lakini inalipa kidogo sana. Dk. Flower Msuya na wenzake wamekuwa wakihangaika miaka mingi kuisogeza kotonii kwenye maji ya kina, ikiwemo kuipanda ndani ya nyavu za bomba ili isikatike na mawimbi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaochukia. Vijana tunawashauri vibaya kuhusu mwani. Semina karibu zote siku hizi ni "ongeza thamani": sabuni ya mwani, juisi ya mwani, keki ya mwani. Picha zinapendeza, mgeni rasmi ananunua sabuni tatu, mnarudi nyumbani. Sina ugomvi na sabuni. Kuna kina mama wanaoishi nayo kwa sababu wako karibu na watalii na wamejenga wateja. Lakini sabuni mia moja zinakula mwani mkavu kiasi gani? Kidogo mno. Shamba la kibiashara linatoa magunia, na magunia yanakwenda kwenye karagenani, ile inayofanya dawa ya meno isimwagike na aiskrimu isigeuke maji. Ukiwa na magunia, thamani ya kwanza kuongeza ipo shambani kwenyewe, kabla ya sabuni yoyote. Ipo kwenye siku, kwenye ukavu na kwenye mbegu.

Siku kwanza, tupige hesabu pamoja. Kotonii yenye afya sehemu nzuri inakua kama asilimia 3 hadi 5 kwa siku. Tuchukue 4. Unafunga kipande cha gramu 100. Siku ya 30 kina gramu 324 hivi. Siku ya 45 kina gramu 584. Siyo kwamba umeongeza nusu ya siku ukapata nusu ya mzigo zaidi, hapana, mmea unakua juu ya ukuaji wake, kama riba. Sasa toa gramu 100 za kupanda tena. Wa siku 30 anabaki na 224 za kuuza. Wa siku 45 anabaki na 484. Ndani ya siku 90 wa kwanza amevuna mara tatu, amepata 672. Wa pili amevuna mara mbili, amepata 968. Tena wa kwanza amelipa vibarua mara tatu. Ukikausha kwa uwiano wa nane kwa moja, yule ana gramu 84 na huyu ana gramu 121 kutoka kipande kilekile cha mbegu. Na mwani uliokomaa una karagenani bora zaidi, kwa hiyo kiwandani nako unapendwa. Kwenye shamba lako asilimia haitakuwa 4 kila siku, miezi ya joto inashuka, ila mwelekeo wa hesabu haubadiliki.

Kwa nini basi watu wanavuna siku ya 28 au 30? Njaa, deni la suki, hofu ya wizi, tetesi kwamba bei inashuka, au bamvua limeangukia siku hiyo na wale wa vigingi hawawezi kufika shambani mpaka bamvua jingine. Sababu zote za kweli. Kijana mwenye milioni moja na nusu ana kitu kimoja ambacho mama wa Panagatan au wa Jambiani mara nyingi hana, anaweza kusubiri siku 15. Akiitumia hela yote kununua kamba nyingi, ameuza faida hiyo. Mimi ningemwambia anunue kamba nusu ya anazozitaka na abaki na hela ya kula ya miezi mitatu.

Ukavu nitaupita haraka kwa sababu nimeshauandikia hapa mara nyingi. Mwani ukianikwa mchangani unauza mchanga. Kichanja cha miti na nyavu chakavu kinatosha. Kotonii inauzwa ikiwa na unyevu wa asilimia 35 hadi 40, na mnunuzi akikuta mbichi kuliko hapo anapunguza bei ya gunia zima, hata la jirani yako aliyeanika vizuri. Nunueni mizani ya kikundi. Mizani, jamani, kabla ya fulana za kikundi.

Mbegu ndiyo iliyonifanya niandike makala yote haya. Taasisi za Ufilipino, ile idara yao ya uvuvi, BFAR, na kituo cha SEAFDEC cha Tigbauan kilichopo kisiwa hichohicho cha Panay, wamehangaika na vitalu na hata kukuza mbegu kwenye maabara, kwa sababu walishajua kinachowarudisha nyuma baada ya kila dhoruba ni mbegu. Huku kwetu kikundi kikianza, mtu anatoa "mtaji wa mbegu", zinafungwa zote kwenye kamba za kuuza, ais-ais ikipita wanarudi kwa afisa ugani kuomba mbegu. Mimi mbegu sina. Naijua tu kamba iliyobaki hai ya mzee fulani kijiji cha tatu, na wanaoitaka ni vikundi vitano.

Kijana anayelima kibiashara awe na kitalu ambacho hakiuzwi. Kwenye kila kamba kumi, mbili si za soko. Zisikae shamba lilelile, ziwekwe mahali pengine kabisa, ikiwezekana ng'ambo ya mkondo au kijiji kingine kwa makubaliano na wenyeji wake, kwenye maji ya kina yanayotembea, kwa kamba za kuelea zenye maboya na nanga. Chupa za plastiki zilizofungwa vizuri zinafaa kuwa maboya. Uzikague kila wiki, vipande vyeupe vitolewe na visitupwe palepale majini, vipelekwe nchi kavu. Kila mkivuna, mbegu ya mzunguko unaofuata ichaguliwe kwenye vichipukizi vichanga vyenye afya, si kwenye mabaki ambayo mnunuzi ameyakataa. Hili la mwisho naliona kila mahali. Bora linauzwa, duni linapandwa, na baada ya mwaka watu wanasema mbegu imechoka.

Hizo kamba mbili zitakuuma, najua. Wakati bei iko juu utaziona kama hela inayoelea. Hesabu yake ni rahisi. Kamba nane zikisombwa na una mbili hai, kwa ukuaji uleule wa asilimia 4, ndani ya siku 45 mbili zako zina mbegu ya kufunga zaidi ya kamba kumi. Usipokuwa nazo unasubiri msaada, na msaada wa mbegu ukija unakuja miezi ya joto, kotonii ikifungwa tu inayeyuka.

Na kwa wale mnaotaka kulima mkiwa Dar kwa simu, mkimwachia binamu: bahari haina ratiba ya wikiendi. Mkondo ukikata kamba Jumanne, Jumamosi hakuna kamba. Caluya shamba linasimama kwa sababu mkulima anaishi mita chache kutoka majini na anafungua macho asubuhi akiliona. Kama huwezi kuhamia pwani angalau kwa msimu mmoja, tafuta mtu anayeishi pale, muwe wabia wa nusu kwa nusu na kitalu kiwe jina lake. Kumlipa kibarua kwa mwezi hakutamwamsha usiku wa dhoruba.

Wanaotaka kuanza baada ya kusi mwaka huu, bamvua lijalo njooni na buti za maji na kipimajoto. Tutapima joto la maji mchana maji yakiwa yamekupwa, sehemu tatu tofauti, kabla ya mtu yeyote kununua hata mita moja ya kamba.